Ukisoma utafiti wa chuo kikuu, anza na waliohesabiwa

Habari za "watafiti wamegundua" haziishi. Leo chanjo, kesho barafu ya Kilimanjaro, keshokutwa wafugaji wa miaka elfu tatu iliyopita. Nyingi hunifikia kwa WhatsApp kutoka kwa wasikilizaji wa kipindi chetu cha redio hapa pwani, na swali ni lile lile: hii ni kweli? Kabla ya redio nilikuwa mkusanyaji wa takwimu. Nilipita nyumba kwa nyumba na fomu, kalamu na kidau cha wino kwa wale wanaotoa ridhaa kwa dole gumba. Kwa hiyo nasoma utafiti kama mtu aliyewahi kuzijaza zile fomu, na namna ninavyosoma ndiyo hii.

Tafuta kwanza chapisho lenyewe. Habari ya gazeti haitoshi. Taarifa ya chuo kwa waandishi nayo haitoshi, maana imetoka ofisi ambayo kazi yake ni kukisifia chuo. Taarifa ya maana hutaja jarida na mwaka. Nakili kichwa cha chapisho, kiweke ndani ya alama za nukuu, kitafute mtandaoni. Siku hizi majarida mengi yako wazi, na hata yaliyofungwa muhtasari wake husomwa bure. Kama hakuna jarida lililotajwa popote, iache habari hiyo ilale.

Ukishalipata, yaruke matokeo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, ile yenye maandishi madogo ambayo kila mtu huikimbia, ukiwa na karatasi pembeni. Andika mambo manne: nani amehesabiwa, amelinganishwa na nani, kilichopimwa ni kitu gani hasa, na kwa muda gani. Matokeo utayarudia baadaye ukiwa na macho mengine.

Tuijaribu njia hii kwa chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa na Taasisi ya Jenner ya Chuo Kikuu cha Oxford. Aprili 2021 kila redio ilitangaza "asilimia 77". Wengi walielewa kwamba katika watoto 100 watakaochanjwa, 77 hawataugua malaria tena maishani. Hapana. Waliohesabiwa walikuwa watoto 450 wa Nanoro, Burkina Faso, wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Waligawanywa makundi matatu. Mawili yalipata R21, moja likiwa na kichocheo kingi zaidi cha kinga kuliko jingine, na la tatu lilipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu hucheka wakifika hapo, lakini ni jambo la busara. Mtoto wa kundi la kulinganishia naye achomwe sindano, mzazi asijue ni ya nini, anayempima homa asijue, na mtoto mwenyewe asitoke mikono mitupu.

Sasa toa kikokotoo. Baada ya miezi 6, katika kundi lililopata kichocheo kingi waliougua malaria walikuwa 38 kati ya watoto 146. Katika kundi la chanjo ya kichaa cha mbwa walikuwa 105 kati ya 147. Yaani asilimia 26 dhidi ya asilimia 71. Ukilinganisha vichwa kwa vichwa, unapata upungufu wa kama asilimia 64. Hiyo 77 imetoka wapi? Hakuna aliyedanganya. Hesabu yao inaangalia pia kila mtoto alikaa muda gani kabla ya kuugua mara ya kwanza, hivyo aliyeugua mwezi wa kwanza na aliyeugua mwezi wa tano hawachukuliwi kuwa sawa. Ni njia halali, tena ya kawaida kabisa kwenye majaribio ya chanjo. Ila ukiitangaza 77 bila kujua hivyo, msikilizaji mwenye kikokotoo atakuaibisha hewani.

Swali la muda nalo lina jambo. Watoto wa Nanoro walichanjwa kabla tu ya msimu wa malaria, ili kinga iwe kali wakati mbu wamejaa. Pwani yetu haina msimu mmoja wa namna hiyo. Malaria iko mwaka mzima. Ndiyo maana mimi nilisubiri jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa kwenye jarida la Lancet Februari 2024. Lilikuwa na watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo. Kwa mwaka mmoja, ufanisi ulikuwa asilimia 75 kwenye malaria ya msimu na asilimia 68 kwenye malaria ya mwaka mzima. Kwa mama wa Bagamoyo namba yake ni 68, na bado ni namba nzuri. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2023.

Angalia pia nani ametoa fedha. Katika jaribio hilo kubwa imo Serum Institute of India, kampuni inayoitengeneza chanjo yenyewe. Kuna jamaa zangu wakiona hivyo hulitupa chapisho. Mimi silitupi, ila hapo ndipo ninaposoma polepole zaidi: nani alichambua takwimu, na je, jaribio liliandikishwa kwenye rejista ya umma kabla ya kuanza?

Kuhusu kitu gani hasa kimepimwa, hapo nina kisa cha kazini. Fomu ya chandarua huuliza: "Jana usiku nani alilala ndani ya chandarua?" Mama anasema wote. Chandarua nakiona juu ya kabati, kimo ndani ya mfuko wake, mikunjo ya kiwandani haijafunguka. Nitaandika nini? Fomu inataka jibu la mama, haitaki macho yangu, kwa hiyo naandika "wote". Baadaye chapisho litasema asilimia fulani "hutumia vyandarua", na gazeti litabeba hivyo hivyo. Ukiona neno "walisema" au "waliripoti" kwenye sehemu ya mbinu, lipigie mstari. Kupima damu ni jambo moja, kuuliza mtu mlangoni kwake huku umevaa kitambulisho cha mradi ni jambo jingine.

Utafiti wa mazingira una mtego wake, nao ni utabiri. Hapa unatafuta neno dogo tu: "kama". Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichapisha kwenye jarida la Science kazi yao ya kutoboa barafu ya Kilimanjaro. Ramani ya 1912 ilionyesha barafu ya kama kilomita za mraba 12. Picha za angani za mwaka 2000 zilionyesha 2.6. Wakaandika kwamba hali ikiendelea vile vile, barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Magazeti yakaitupa "ikiendelea vile vile", yakabaki na miaka. Mwaka 2020 ukapita, barafu ipo, na watu wakapata cha kucheka: mnaona, wanasayansi waongo! Lakini kipimo na utabiri si kitu kimoja. Kupungua kutoka 12 hadi 2.6 kumepimwa, na barafu imeendelea kupungua tangu hapo. Tarehe ya mwisho ni hesabu ya kunyoosha mstari mbele. Mwaka 2022 UNESCO nao walitoa tarehe yao, 2050, na mimi niliisoma hewani kama utabiri, si kipimo.

Sababu nazo zisome kwa makini hivyo hivyo. Georg Kaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Innsbruck wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupungua huko imetokana na hewa kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19: theluji mpya haiji ya kutosha, na barafu hugeuka mvuke bila hata kupitia maji. Naye Andreas Hemp wa Bayreuth amekuwa akisema kwamba kwa maji ya vijiji vya chini, moto unaoteketeza msitu wa juu unaokamata ukungu ni hatari kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu. Ukipata tafiti tatu za mlima mmoja, zisome zote kabla ya kusema neno.

Historia ya ardhi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, labda kwa sababu wahusika wake hawajazi fomu. Mwaka 2018 kwenye jarida la Nature, Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis na wenzake walitoa matokeo ya kuchimba sehemu tano za wafugaji wa kale huko Narok, Kenya. Sehemu hizo zina umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Palipokuwa na maboma, mbolea ya mifugo imeacha tabaka la udongo laini wa kijivu, na udongo huo una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa jirani. Hadi leo majani huota vizuri pale, na wanyama pori huyafuata.

Ni habari tamu kwa kila mfugaji aliyewahi kuambiwa kwamba ng'ombe wake wanaua nchi. Lakini rudi kwenye karatasi yako. Waliohesabiwa ni sehemu tano, zote Narok. Kilicholinganishwa nazo ni udongo wa nje ya maboma. Kilichopimwa ni virutubisho. Muda ni maelfu ya miaka, na boma la wakati ule liliachwa watu wakahama. Chapisho hili haliwezi kukuambia lolote kuhusu mifugo iliyobanwa leo kati ya uzio na shamba la ngano. Anayelitumia kwa hoja hiyo, kwa upande wowote, amelivuta mbali kuliko linavyofika.

Likikushinda, muandikie mwandishi wa chapisho. Barua pepe yake iko ukurasa wa kwanza, kwenye jina lenye alama ya nyota au bahasha. Andika mistari mitatu: wewe ni nani, unaomba nakala, na swali moja tu. Waandishi wanaruhusiwa kukutumia nakala na wengi hufurahi kuulizwa. Asipojibu, shuka kwenye orodha ya majina hadi uone la mtu wa Kilifi, Ifakara au Nairobi. Mara nyingi huyo ndiye aliyesimamia kazi uwanjani, na ukimuuliza kwa Kiswahili atakueleza hata yale ambayo fomu haikuwa na nafasi ya kuyaandika.