Wanga ununue mwisho: jinsi ninavyojaza kapu soko la Mgandini

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya lishe hapa Tanga ni hili: nile nini kizuri, na pesa yenyewe hii? Zamani nilijibu kwa kutaja makundi sita ya chakula. Watu waliitikia kwa adabu, wakatoka hapo wakanunua kilo mbili za mchele na nyanya tatu. Siku hizi makundi nayaacha, namwambia mtu ageuze tu mpangilio wa kununua.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Wengi tunaanzia kwenye unga au mchele, kinachobaki ndicho cha mboga. Anzia upande wa pili. Nikiwa na elfu kumi ya siku kwa watu watano, elfu nne naitenga kwa kitoweo na mikunde, elfu mbili kwa majani na matunda, na elfu nne ndiyo itafute unga, nazi na mafuta. Si sheria, wewe utapanga kwa hali yako. Ila pesa ya mboga itoke kwanza.

Sababu ni rahisi. Gramu 100 za muhogo mbichi zinakupa kilokalori 160 hivi, lakini protini haifiki gramu 2. Uzito huo huo wa maharage makavu una protini zaidi ya gramu 20, pamoja na madini chuma. Muhogo unashibisha, sikatai, nami naupenda wa nazi. Shida inakuja ukiula asubuhi, mchana ukaula bada, yaani ugali wa muhogo, na usiku ukarudia.

Hatua ya 2: Kitoweo, na hapa usione haya kununua dagaa

Kuna watu watakula wali mkavu kuliko kuonekana wamebeba dagaa. Wanajinyima bure. Dagaa unamla mzima, na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa pamoja. Changu mkubwa mifupa yake utampa paka.

Bibi ninayenunua kwake keshanizoea.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Leo dagaa mchele au wa Mwanza?"

Kabla sijajibu nachukua wachache kiganjani. Mmoja namvunja: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, bado ana maji na nyumbani ataota ukungu. Natazama tumbo. Likiwa la manjano yenye kutu, mafuta yake yameshaharibika na mchuzi utakuwa mchungu. Kisha nawasugua kidogo nione kama wananiachia mchanga, halafu nanusa.

"We mwana, wanunua dagaa au wachumbia?"

Nimezoea kusemwa. Nyumbani nawakaanga bila mafuta dakika chache, nawaosha haraka kwa maji ya moto, ndipo nyanya, kitunguu na tui. Wa mtoto nawatwanga hadi wawe unga, kijiko kimoja kwenye uji.

Ukitaka samaki mbichi, wahi soko la samaki la Deep Sea asubuhi uulizie vibua. Mara nyingi wana bei nafuu kuliko samaki wa wageni, na wana yale mafuta ya omega-3 yanayosaidia moyo. Siku ambayo hata kibua hashikiki, kunde, choroko au mbaazi za nazi zinatosha kabisa.

Hatua ya 3: Majani, tena yaliyokoza

Chagua kwa rangi. Mchicha, matembele, mchunga, majani ya maboga: kijani kikiwa kizito, kwa kawaida vitamini A nayo inakuwa nyingi. Kabichi inapendwa kwa kuwa inakaa siku nyingi, lakini gramu 100 zake zina kalsiamu miligramu 40 tu, na mchicha una zaidi ya 200. Sisemi usile kabichi. Nasema isiwe ndiyo mboga yako ya Jumatatu hadi Ijumaa.

Jikoni ndiko tunakoharibu. Osha majani kabla ya kukata, maana ukikata kwanza vitamini C inaondoka na maji. Pika dakika chache, weka mafuta kidogo au tui, kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Magadi yaache, yanalainisha mboga na kuua vitamini. Kisamvu kina utaratibu wake: kitwangwe, kichemshwe vya kutosha sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke, ndipo tui lifuate.

Hatua ya 4: Matunda

Machungwa ya Muheza ni sifa yetu, hilo nalijua. Lakini kwa vitamini C, pera linaliacha chungwa mbali: gramu 100 za pera zina miligramu 200 na zaidi, za chungwa hamsini na kidogo. Na mapera uswahilini wakati mwingine unapewa bure na mwenye mti. Lile zima, usilikamue juisi na kulitia sukari.

Hatua ya 5: Sasa wanga

Dona badala ya sembe, maana kiini na ganda la mahindi havijatupwa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vikipatikana, chukua. Mahindi na karanga vichambue. Punje yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Hatua ya 6: Chai isogeze mbali na chakula

Hii nilijifunza kwa aibu. Nikiwa na mimba ya kwanza, nilipimwa wingi wa damu ikaja 9.4, wakati mjamzito anatakiwa asipungue 11. Mimi, ninayewafundisha wenzangu! Mchicha nilikuwa nakula kila siku. Muuguzi akaniuliza, "Dada, ukimaliza kula unakunywa nini?" Chai ya rangi, tena nzito, kikombe juu ya sahani ambayo haijatolewa.

Chai inazuia mwili kuchukua madini chuma, hasa yale ya majani na mikunde. Ndimu inafanya kinyume. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu nikavimeza kama nilivyoelekezwa, na hapo hapo nikabadili mezani: ndimu juu ya mchicha na maharage, chai ikasogea saa moja au mbili mbele. Jirani aliniletea juisi ya bitiruti, akaniambia ni nyekundu, itaongeza damu. Nilikunywa kwa heshima yake. Gramu 100 za bitiruti zina madini chuma yasiyofika miligramu 1, na za maini ya ng'ombe zina kama 5. (Mjamzito asiyafanye maini chakula cha kila siku, yana vitamini A nyingi mno. Aulize kliniki.)

Siku hizi chai yangu ni ya saa kumi jioni. Kitumbua kimoja pembeni, wakati mwingine viwili.