Namna ya Kuingia katika Dunia Iliyobebwa na Tembo Wanne

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapoushika mfululizo wa Discworld ni kuanza na kitabu cha kwanza. Ni kosa la mtu mwaminifu, kwa maana sote tulifundishwa shuleni kwamba sura ya kwanza hutangulia ya pili, na anayeambiwa kwamba Terry Pratchett, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1948, aliandika riwaya 41 kuhusu dunia moja, huenda moja kwa moja kwenye ile ya mwaka 1983, The Colour of Magic, akidhani kwamba hapo ndipo mlango ulipo. Nami nilifanya vivyo hivyo. Niliazimwa kitabu hicho na mfanyakazi mwenzangu, nikasoma kurasa kama sitini, kisha nikakiweka juu ya kabati la vyombo, na hapo kikakaa tangu mvua za Januari mpaka upepo wa Julai, hata nilipokishusha vumbi la Dodoma lilikuwa limekifanya kionekane kizee kuliko mwandishi wake.

Sababu ya kukwama ni rahisi kuieleza. Kitabu cha kwanza kinawatania waandishi wengine wa hadithi za mapanga na mazimwi, kwa hiyo msomaji asiyewajua waandishi hao hukaa kama mtu aliye nje ya ukumbi wa harusi: anasikia vicheko, haoni kinachochekesha. Pratchett mwenyewe wakati huo alikuwa bado mwajiriwa, msemaji wa shirika la umeme la Uingereza, akiandika riwaya baada ya kazi, na ustadi wake wa kujenga kisa ulikuja kukomaa baadaye. Unachohitaji kukijua kutoka katika kitabu hicho kinatosha sentensi moja: dunia hiyo ni bapa kama ungo wa kupepetea mtama, imelala juu ya migongo ya tembo wanne, nao wamesimama juu ya gamba la kobe mkubwa anayeogelea angani. Ukishalijua hilo, unaweza kuingia popote.

Swali ni uingilie wapi. Ndani ya mfululizo huu mna mikondo kadhaa, kila mmoja na watu wake, na inafaa uchague mkondo kwa kuangalia moyo wako unavutwa na nini. Mimi huwapa watu wengi Mort, kitabu cha nne, cha mwaka 1987. Ndani yake Mauti ni mtu, au tuseme ni mifupa iliyovaa joho, anayepanda farasi mweupe aitwaye Binky, anayependa paka, na ambaye maneno yake yote huchapwa kwa herufi kubwa pasipo alama za kunukuu, hata msomaji anamsikia kabla hajaambiwa kwamba amefika. Anakwenda kwenye mnada wa vibarua usiku wa manane na kumchukua kijana ambaye hakuna fundi aliyemtaka, ili amfundishe kazi. Msomaji wa Ulaya huenda akaona ajabu kuchekeshwa na Mauti. Msomaji wa kwetu, aliyewahi kumwona mtani akijilaza ndani ya kaburi lililochimbwa na kugoma kutoka mpaka alipwe, huku wafiwa wakicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, ataielewa dhamira ya kitabu hiki katika kurasa za mwanzo. Utani wa Pratchett juu ya kifo una adabu ileile: unamwachia mfiwa nafasi ya kupumua.

Kama unapenda zaidi mambo ya mji, serikali na mishahara, anza na Guards! Guards! ya mwaka 1989. Humo utakutana na Sam Vimes, mkuu wa kikosi cha doria ya usiku katika mji wa Ankh-Morpork, ambaye kitabu kinamkuta amelewa na kulala mtaroni, pamoja na Carrot, kijana wa karibu mita mbili aliyelelewa na mbilikimo wa machimboni na ambaye mpaka leo anajihesabu kuwa mbilikimo. Jina lake ni karoti, na kitabu kinaeleza kwamba amepewa kwa sababu ya umbo, mabega mapana na kiuno chembamba. Watu wa kwetu, ambao mtu mnene kuliko wote mtaani humwita Kijiti, hawahitaji maelezo zaidi.

Lakini mkondo huu unapendwa hasa kwa sababu ya viatu, na hapa naomba niende polepole. Katika kitabu kinachofuata cha askari hao, Men at Arms cha mwaka 1993, Vimes anapokea dola 38 kwa mwezi. Viatu vizuri vya ngozi ni dola 50. Viatu anavyoweza kuvimudu ni dola 10, navyo hustahimili msimu mmoja au miwili kabla ya kuanza kuvuja. Mwenye dola 50, anawaza Vimes, atakuwa bado na miguu mikavu baada ya miaka kumi, ilhali maskini katika muda huohuo atakuwa ametumia dola 100 na miguu yake bado imelowa. Jumapili moja nilimsomea mama mdogo kipande hicho nyumbani kwake Chang'ombe, nikikitafsiri sentensi kwa sentensi huku yeye akimenya karanga. Aliponyamaza nilidhani hakuvutiwa. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo mwandishi amewahi kununua viatu vya shule." Akamenya karanga nyingine mbili tatu, akaongeza, "Ndiyo maana babu yako alivaa katambuga. Jozi moja tu, na aliyeirithi bado anaivaa." Nimesoma maelezo marefu ya wasomi juu ya uchumi wa umaskini, na sijaona yaliyomfikia kwa haraka namna hiyo.

Mkondo wa tatu unahitaji tahadhari ya lugha. Kamusi itakuambia kwamba Bibi Weatherwax na wenzake, tunaokutana nao katika Wyrd Sisters ya mwaka 1988, ni wachawi. Ukilichukua neno hilo kwa uzito wake wa kwetu, katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, utasoma kitabu kingine kabisa. Wanawake hawa wa milimani kazi yao kubwa ni kuzalisha, kuuguza, kuwaosha maiti na kuwaambia wanakijiji ukweli ambao hakuna mwingine anayethubutu kuutamka, na uchawi wenyewe hawautumii ila inapobidi. Unaposoma, weka kichwani mkunga wa jadi anayeogopwa kidogo na kuitwa usiku wa manane. Kwa kijana wa sekondari, mlango bora wa mkondo huu ni The Wee Free Men ya mwaka 2003, ambamo msichana wa miaka tisa, mjukuu wa mchunga kondoo, anakabiliana na malkia wa majini akiwa na kikaango mkononi. Mtoto aliyekulia kwenye familia ya wafugaji Bahi au Chamwino atamfahamu mara moja.

Kwa mtumishi wa umma, na mji wetu umejaa watumishi, nitataja Going Postal ya mwaka 2004 bila maelezo mengi: tapeli anaokolewa kitanzini kwa sharti la kufufua shirika la posta ambalo jengo lake limejaa barua zisizopelekwa kwa miaka mingi. Usikisomee ofisini. Mwenye meza ya jirani atauliza unacheka nini, na jibu linaweza kukuletea matatizo.

Sasa namna ya kusoma. Vitabu utavisoma kwa Kiingereza, na mara nyingi utavipata katika mabanda ya vitabu vilivyotumika Dar es Salaam au kwa njia ya simu. Usisimame kwenye kila neno. Mchezo wa maneno usiouelewa uruke, kwa sababu ukurasa unaofuata una mingine mitatu, na ule uliouruka utakuchekesha utakaporudi. Tanbihi, kinyume chake, usiziruke hata moja. Mwandishi huyu huficha huko vichekesho vyake bora, na wakati mwingine tanbihi yenyewe ina tanbihi. Ujue pia kwamba vingi kati ya vitabu hivi havina sura, kwa hiyo msomaji anayejiambia kwamba atalala mwisho wa sura hulala alfajiri. Mimi huvisoma katika treni ya mwendokasi: kwenda Dar es Salaam ni chini ya saa nne, na kitabu kimoja hunitosha kwenda na kurudi.

Kitabu cha kwanza utakachokisoma utakipenda kiasi. Cha pili utakilinganisha na cha kwanza. Ni kuanzia cha tatu ndipo jambo hutokea, kwa sababu hapo ndipo utaanza kuwaona watu unaowajua wakipita katika visa vya wengine: Mauti anaonekana katika riwaya zote isipokuwa mbili, na askari wa Vimes hujitokeza pembeni mwa hadithi isiyowahusu, kama jirani unayekutana naye Soko la Majengo. Ndiyo sababu nashauri Night Watch ya mwaka 2002, ambayo wengi huiita bora kuliko zote, uiahirishe mpaka uwe umesoma angalau vitabu vinne vya askari. Inamrudisha Vimes miaka thelathini nyuma, na huwezi kuguswa na ujana wa watu ambao hujawaona wakizeeka.

The Fifth Elephant ya mwaka 1999 ina haki ya pekee kwa msomaji wa hapa. Ngano yake husema kwamba hapo kale tembo walikuwa watano, mmoja akateleza, akaanguka juu ya dunia na kufukiwa, na mafuta yake sasa huchimbwa ardhini kama madini. Nasi tunaishi katika mji ambao wazee wa Kigogo husimulia kwamba ulipata jina lake kwa tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia matopeni, watu wakasema, "Idodomya." Nilipofika kwenye ukurasa huo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikaangalia chini.

Jambo la mwisho ni akiba. Mwaka 2007 Pratchett alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, akaendelea kuandika kwa kuimla, na alifariki tarehe 12 Machi 2015. Riwaya ya 41, The Shepherd's Crown, ilitoka mwaka huohuo baada ya kifo chake. Mwaka 2017, kwa wosia wake, diski ya kompyuta iliyokuwa na kazi alizoziacha njiani ilipondwa kwa mashine ya mvuke ya kushindilia barabara, kwa hiyo riwaya alizoziacha njiani hazitapatikana kamwe. Basi usisome zaidi ya vitatu au vinne kwa mwaka. Mimi nimebakiza hicho cha mwisho. Kipo juu ya kabati la vyombo, na safari hii nimekifunga kwa gazeti.