Berlin: panda basi namba 100 kabla ya kulipia basi la watalii

Ukifika Berlin, usikimbilie yale mabasi ya watalii yenye bei ya kukata maini. Nenda stesheni ya Zoologischer Garten, upande basi namba 100. Ni basi la kawaida la wenyeji, mara nyingi la ghorofa. Wahi kiti cha mbele kabisa kule juu. Linapita katikati ya bustani kubwa ya Tiergarten, linazunguka mnara wa Siegessäule, linapita Ikulu ya Bellevue na Bunge, kisha karibu na Lango la Brandenburg, linashika barabara ya Unter den Linden hadi Alexanderplatz.

Tiketi moja ya kanda AB (yaani maeneo ya A na B, yanayojumuisha jiji la Berlin) inatumika kwa muda wa saa mbili, na unaruhusiwa kushuka, ukatazame, ukapanda basi linalofuata. Ila iwe ni kwenda mbele tu. Kurudi ulikotoka, kata nyingine. Na tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine, ndani ya basi, au kwenye jukwaa la stesheni kabla ya kupanda treni. Wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60. Hawasikilizi habari za ugeni.

Kuba la kioo la Bunge ni bure, lakini jiandikishe mtandaoni mapema.

Jioni nenda Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na kufunguliwa kama bustani 2010. Watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege! Mageti hufungwa jua likizama.