Safari ya kwanza ya kikazi Guangzhou: andaa simu kabla ya begi

Kampuni ikikuteua kwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, huko Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza, utapewa ushauri mwingi kuhusu chakula na nguo. Sikiliza, lakini ujue kwamba kinachowakwamisha wageni wengi China ni simu. Teksi, maji ya kunywa, treni ya mjini na mazungumzo na muuzaji, vyote hupita humo. Na simu hiyo huandaliwa nyumbani. Ukishatua, Google Play haifunguki kwa intaneti ya kule, na namba za uthibitisho wa benki zinatumwa kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania, ambayo huenda hukuifungulia huduma ya nje.

Kabla ya yote, hakikisha mnakwenda awamu sahihi. Maonyesho hufanyika mara mbili kwa mwaka, kila mara kwa awamu tatu. Ya kwanza ni tarehe 15 hadi 19 Aprili au Oktoba: mashine, umeme, magari, vifaa vya chuma. Ya pili ni 23 hadi 27: vifaa vya ujenzi, samani, vyombo vya nyumbani, zawadi. Ya tatu ni 1 hadi 5 Mei, au 31 Oktoba hadi 4 Novemba: nguo, viatu, vinyago, vifaa vya afya. Aliyetumwa kutafuta vigae akafika awamu ya kwanza atakuta jenereta.

Viza ya biashara ni ya aina ya M, nayo inahitaji barua ya mwaliko. Barua hutoka kwa muuzaji mnayefanya naye biashara, au kwa waandaaji wa maonyesho ukishajiandikisha kwenye tovuti yao kama mnunuzi. Anza wiki 8 kabla. Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi na kurasa tupu. Picha ni milimita 33 kwa 48, mandhari meupe, masikio yaonekane. Picha ya kawaida ya pasipoti haina vipimo hivyo, kwa hiyo mwambie mpiga picha mapema. Majina kwenye barua yafuate mpangilio wa pasipoti, herufi kwa herufi. Na kama mna mpango wa kupita Hong Kong halafu kurudi Guangzhou, omba viza ya kuingia mara mbili. Kuvuka kwenda Hong Kong kunahesabiwa kuwa umetoka China bara, na viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha hapo hapo.

Sasa simu. Wiki 4 kabla ya safari, weka WeChat (ya mawasiliano) na Alipay (ya malipo). WeChat ndiyo kadi ya biashara ya kule: muuzaji hakupi namba, anakuonyesha msimbo wa QR uuskani. Akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo wako, hivyo mtafute mfanyabiashara wa Kariakoo au mfanyakazi mwenzako anayeitumia. Usiifungue siku ya kuondoka. Akaunti changa inayoongeza watu 40 kwa siku moja inaweza kufungiwa, na wewe uko katikati ya ukumbi.

Kwenye Alipay, jaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, pakia picha ya pasipoti, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Hapa ndipo wengi hukwama: kadi nyingi za benki zetu huwa zimezuiwa kununua mtandaoni mpaka uombe zifunguliwe. Nenda benki, omba kadi ifunguliwe kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi, na uulize kikomo cha siku ni kiasi gani. Unganisha kadi mbili za benki mbili tofauti, maana moja ikigoma usiku, tawi la benki yako huko nyumbani limefungwa. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje hukatwa asilimia 3 zaidi. Liweke hilo kwenye bajeti. Malipo ya kwanza yafanye uwanja wa ndege kwa chupa ya maji. Yakikataa, bado uko penye dawati la kubadilisha fedha.

WhatsApp, Gmail na ramani za Google hazifanyi kazi kwenye intaneti ya hoteli. Njia rahisi ni kutumia data ya laini ya nyumbani iliyofunguliwa huduma ya nje, au eSIM (laini isiyo na kadi ya kuchomeka) ya wasafiri iliyonunuliwa kabla. Data hiyo kwa kawaida hupitia mtandao wa nje na programu zako zikafunguka. Hata ukinunua laini ya kichina, ya nyumbani isitoke kwenye simu, kwa ajili ya zile SMS za benki. Kwa ramani weka Amap.

Piga picha ya anwani ya hoteli ikiwa kwa herufi za kichina, pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Dereva wa teksi hasomi “Tianhe District” ya kilatini. Kuelekea maonyesho, treni ya mjini laini namba 8 inashusha Xingangdong au Pazhou, mlangoni kabisa.

Begi la mkononi libebe pawabenki. Kwenye mzigo mkubwa hairuhusiwi. Kikomo ni wati-saa 100. Hesabu yake: mAh zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, inapita. Maandishi yakifutika inachukuliwa, hata kama ni ndogo. Na tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya usalama ya China, 3C, kwa hiyo anayetua Beijing au Shanghai kisha akaunganisha Guangzhou ataiacha kwenye ukaguzi. Plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii kwenye soketi za kule. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, hivyo adapta inatosha: chukua adapta moja na ekstensheni ya nyumbani, utachaji vitu vinne kwa pamoja.

Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 zitangaze unapotoka Tanzania. Unapoingia China, tangaza zinazozidi dola 5,000. Beba pia cheti cha homa ya manjano. Ukirudi kupitia Addis Ababa au Nairobi na ukasubiri zaidi ya nusu siku, utaulizwa cheti hicho nyumbani.

Tiketi isome polepole. Ndege ya 00:40 tarehe 13 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 13, yaani uende uwanjani jioni ya tarehe 12. Kosa hili limewaacha wengi, kwa sababu sisi usiku huo huuhesabu kivyetu. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa muda wa saa 5: bosi akipiga saa 11 jioni, wewe ni saa 4 usiku na miguu inauma. Mkubaliane kwamba simu ya ofisi ni saa 3 asubuhi ya Dar, kwako saa 8 mchana.

Miguu itauma kweli. Kumbi zina zaidi ya mita za mraba milioni 1, Sabasaba haifiki karibu. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Aprili kuna mvua na joto la unyevu kama masika. Asiyekula nguruwe atafute maandishi 清真 (halali) mlangoni. Eneo la Xiaobei lina migahawa ya namna hiyo mingi, na Waafrika wengi wa biashara hukutana huko.

Kwenye banda, piga picha kwa mpangilio ule ule kila mara: namba ya banda, kadi ya muuzaji, bidhaa, kisha bei iliyoandikwa kwenye daftari. Usiku picha 300 zinafanana. Namba ya banda ikitangulia hutachanganya. Uliza kiwango cha chini cha oda, ujazo wa mzigo kwa mita za ujazo, bei ni ya kiwandani au hadi bandarini, na kama watakubali ukaguzi wa PVoC (uthibitisho wa ubora unaotakiwa na TBS) kabla ya kusafirisha. Malipo ya kawaida ni asilimia 30 ya awali na 70 kabla ya mzigo kutoka. Usilipe awali kwa akaunti ya mtu binafsi. Jina la akaunti lilingane na la kampuni kwenye profoma, yaani ankara ya awali.

Mwisho, masurufu. Malipo ya Alipay hayatoi karatasi, na mhasibu atataka karatasi. Kila mahali tamka “fapiao”, ambayo ndiyo risiti rasmi ya kodi, ukionyesha jina la kampuni yako lililoandikwa kwenye simu. Iombe wakati ule ule unapolipa. Ukirudi kesho yake ni maelezo marefu kwa lugha usiyoijua. Kila jioni zitume kwenye barua pepe ya ofisi.