Namna ya Kuadhimisha Tokeo la Bwana Parokiani Dar es Salaam

Sherehe ya Tokeo la Bwana, ambayo wengi huiita Epifania, huwakumbuka Mamajusi, wenye hekima kutoka mashariki waliokwenda kumsujudia Mtoto Yesu. Asili yake ni tarehe 6 Januari, lakini hapa nchini Kanisa Katoliki huiadhimisha Dominika, yaani Jumapili, inayoangukia kati ya tarehe 2 na 8 ya mwezi huo. Kwa mwaka 2027 Dominika hiyo ni tarehe 3 Januari, wakati ambapo sehemu kubwa ya waamini wa Dar es Salaam bado wako Moshi, Bukoba au Songea walikokwenda kula Krismasi, na waliobaki wanahesabu ada za shule. Kwa sababu hiyo halmashauri ya walei ipange sherehe hii mapema, ndani ya Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, kwa kuwategemea watu watakaokuwepo mjini, na isiifungamanishe na mchango mpya. Kwa maoni yangu, uzito wa maandalizi uwekwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waamini majirani, kwa kuwa tendo linalokaa zaidi katika kumbukumbu ya waamini ni lile linalofanyika mlangoni pao.

Tendo hilo ni baraka ya nyumba kwa chaki. Padre au shemasi hubariki chaki kanisani, kisha kila jumuiya hupewa zake pamoja na nakala ya sala. Chaki nyeupe za kawaida za shuleni zinatosha, ila ziongezwe chache za rangi, kwa kuwa fremu nyingi za milango yetu zimepakwa rangi nyeupe na maandishi hayataonekana. Kwenye geti la chuma lenye rangi ya mafuta chaki huteleza, hivyo ni afadhali kuandika ukutani juu ya mlango. Familia husimama mlangoni, husoma Injili ya Mathayo 2:1-12, kisha baba, mama au mwenyekiti wa jumuiya huongoza sala na kuandika 20 + C + M + B + 27. Tarakimu ni za mwaka, misalaba ni ya Kristo, na herufi hufafanuliwa kwa namna mbili: majina ambayo mapokeo yaliwapa Mamajusi, yaani Kaspari, Melkiori na Baltazari, au maneno ya Kilatini yenye maana ya “Kristo aibariki nyumba hii”.

Wapangaji wanahitaji uangalifu zaidi. Katika nyumba ya vyumba sita yenye korido moja, ambamo Mkristo na Mwislamu wanatumia mlango mmoja wa mbele, mwanajumuiya aandike ndani, juu ya mlango wa chumba chake, na kama anataka kuandika nje amwombe kwanza mwenye nyumba. Katekista naye aseme waziwazi kwamba maandishi haya ni sala na si hirizi. Mvua ikiyafuta, hakuna balaa lililoingia.

Kanisani, masomo ya siku ni Isaya 60:1-6, Zaburi ya 72, Waefeso 3 na Injili hiyo ya Mamajusi. Watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, wana nafasi ya pekee siku hii, na sadaka yao kwa ajili ya watoto wenzao duniani itangazwe wiki moja kabla. Wakiigiza, igizo liwe fupi na lifanyike baada ya Misa. Mathayo hataji idadi ya Mamajusi, ila zawadi tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, kwa hiyo mwalimu mwenye watoto saba wanaotaka kuvaa taji asiwakatae. Ubani utumike kwa ukarimu, lakini anayeshika chetezo asisimame chini ya pangaboi, maana majivu yatawarukia waamini wa mstari wa mbele.

Jambo moja husahaulika katika parokia nyingi, nalo ni tangazo la Pasaka, ambalo huimbwa baada ya Injili na kutaja sikukuu zinazohama za mwaka mzima. Kwa mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, Pasaka tarehe 28 Machi, Pentekoste tarehe 16 Mei na Dominika ya kwanza ya Majilio tarehe 28 Novemba. Mwimbaji apewe maandishi mapema ajizoeze. Tarehe hizo zibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo, kwani wachumba wengi hulipia ukumbi wa mwezi Machi kabla ya kumwona paroko, ndipo wanapogundua kuwa sherehe yao imeangukia Kwaresima.

Pango la Noeli, lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, lisivunjwe tarehe 2 Januari kwa sababu tu taa za madukani zimezimwa. Sanamu za Mamajusi zisogezwe hadi mbele ya Mtoto siku ya sherehe, na pango likae hadi Dominika ya Ubatizo wa Bwana, tarehe 10 Januari, ambayo ndiyo humaliza kipindi cha Noeli. Kesho yake padre huvaa kijani, rangi ya kipindi cha kawaida. Ikitokea Tokeo la Bwana limeangukia tarehe 7 au 8, Ubatizo huadhimishwa Jumatatu inayofuata. Chaki zilizobaki zitunzwe na wenyeviti wa jumuiya, ili wanaorudi kutoka mikoani wakipita wiki hiyo wapate za nyumba zao.