Somo: Kusoma ioni ya sesiamu ndani ya maji ya superkritikali

Maji yakivuka nyuzi 374 za Selsiasi na kanieneo ya megapaskali 22.1, si kimiminika tena wala si mvuke; hapo huitwa superkritikali. Kipimo chake cha dielektriki, yaani uwezo wa kudhoofisha mvutano kati ya chaji, ambacho ni karibu 78 kwenye nyuzi 25, huporomoka hadi karibu 6. Maji hayana tena nguvu ya kutenganisha chaji, kwa hiyo ioni ya metali hushikana na ioni ya chumvi yake. Mwangwi wa sumaku wa viini (NMR), yaani kusikiliza ishara ya viini vya atomu vikiwa ndani ya sumaku, hutuonyesha kushikana huko bila kugusa sampuli.

Hatua ya 1: chagua kiini. Mimi napendekeza sesiamu-133. Sesiamu yote ya asili ni isotopu hiyo, mstari wa ishara yake ni mwembamba, na msogeo wake, yaani mahali mstari unapoangukia, hubadilika sana jirani zake wakibadilika.

Hatua ya 2: pima densiti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Densiti ya maji kwenye nukta kikomo, yaani pale kimiminika na mvuke huacha kutofautiana, ni gramu 0.322 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo kapsuli ya maikrolita 100 huwekwa miligramu 32 hivi za maji. Ukijaza zaidi ya kiasi hicho, kimiminika hutanuka na kuijaza kapsuli kabla ya kufika nyuzi 374, kisha kanieneo hupanda kwa kasi ya kutisha. Kwa ujazo wa miligramu 32, tarajia karibu megapaskali 29 kwenye nyuzi 400. Tumia kapilari nyembamba ya kwatzi yenye ukuta mnene, ndani ya kinga imara, na usiikaribie ikiwa na moto.

Hatua ya 3: pandisha joto polepole, ukiiacha densiti ileile. Ukibadilisha joto na densiti kwa pamoja, hutajua kipi kimesogeza mstari.

Hatua ya 4: rudia vipimo kwa myeyusho mwepesi zaidi na zaidi, uone msogeo unaelekea wapi chumvi ikikaribia sifuri. Tofauti kati ya vipimo vyako na hapo inatokana na ioni kushikana.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mbona ishara yangu ni hafifu hivyo?
Ndugu, joto la nyuzi 400 hupunguza usumaku wa viini hadi asilimia 44 ya ule wa kawaida, na densiti ni theluthi. Kwa pamoja unabaki na asilimia 14. Ongeza mikusanyo, yaani idadi ya vipimo vinavyojumlishwa, mara 50 kurudisha uwiano uleule wa ishara na kelele.

Naweza kutumia ioni ya alumini badala ya sesiamu?
Itakuchosha. Hujibadilisha kuwa oksidi na kutua chini.

Na kipimajoto kilicho nje ya kapsuli kinaaminika?
Si peke yake. Tia kapsuli ya maji matupu yenye densiti hiyohiyo. Protoni (viini vya hidrojeni) za kimiminika na za mvuke hutoa mistari miwili. Ikiungana kuwa mmoja, upo nyuzi 374. Ila chumvi hupandisha nukta kikomo ya myeyusho, basi songa juu zaidi kabla ya kuanza kupima.