Namna ya Kuchambua Uchezaji Wako katika Mchezo wa Video wa Kriketi, Mpira kwa Mpira

Anayecheza Cricket 24 ya studio ya Big Ant ya Melbourne, au Real Cricket kwenye simu, hupewa takwimu nyingi mechi inapomalizika: mikimbio (alama) aliyopata, mipira aliyokabili, idadi ya nne na sita (mapigo yanayofika mpakani na kuleta mikimbio minne au sita), na mchoro wa duara unaoonyesha mipira ilikoelekea uwanjani. Takwimu hizo zinatosha kumwambia nani kashinda na kwa kiasi gani. Hazimwambii kwa nini anatolewa kwa namna ile ile mechi baada ya mechi, kwa sababu hazihifadhi uamuzi alioufanya katika kila mpira. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuhifadhi uamuzi huo wewe mwenyewe katika lahajedwali ya kawaida, Excel au Google Sheets, na namna ya kuusoma bila kujidanganya.

Kabla ya kurekodi chochote, andika swali moja. Swali kama “nitaboreshaje mchezo wangu” halina jibu katika takwimu. Swali kama “pigo gani linanigharimu wiketi (kutolewa kwa mpigaji) nyingi kuliko inavyostahili mikimbio linayoniletea” lina jibu, na ndilo ningemshauri mpigaji yeyote aanze nalo. Swali likishajulikana, safu za jedwali hujichagua zenyewe.

Kila mstari wa jedwali uwe mpira mmoja. Kosa la kawaida ni kuufanya kila mstari uwe mechi moja, jambo linalokurudisha kwenye takwimu zile zile ambazo mchezo umekwisha kukupa. Kwa kila mpira, andika nambari ya mechi, ova (kundi la mipira sita ya mrushaji mmoja), aina ya mrushaji (wa kasi, wa kasi ya kati au wa spini), urefu wa mpira, yaani unapotua (mfupi, wa kawaida, mrefu au yorka, unaotua miguuni pa mpigaji), mstari wake (upande wa ofu, ulio mbali na miguu ya mpigaji; kwenye nguzo; au upande wa legi, ulio wa miguu yake), pigo ulilochagua, muda wa pigo (mapema, sawa au kuchelewa), mikimbio iliyopatikana, na kama umetolewa. Safu hii ya mwisho iandikwe 1 au 0, maana tarakimu hujumlishika na maneno hayajumlishiki. Mstari mmoja utasomeka hivi: mechi 4, ova 3, wa kasi, mfupi, ofu, pulu, kuchelewa, 0, 1. Maana yake ni kwamba ulijaribu pulu, pigo la kuuvuta mpira kuelekea upande wa legi, kwa mpira mfupi wa ofu, ukachelewa, ukatolewa bila kupata kitu.

Usijaribu kujaza jedwali huku unacheza. Mkono ukitoka kwenye kidhibiti kila baada ya mpira, unakuwa unapima uchezaji mwingine ambao si wako wa kila siku. Rekodi mechi, kisha uitazame baadaye na ujaze taratibu. PlayStation 4 kwa kawaida huhifadhi dakika 15 za mwisho za uchezaji, na unaweza kubadilisha mpangilio hadi dakika 60. Simu nyingi za sasa zina kitufe cha kurekodi skrini. Kwa kuanzia, mechi za ova 5 zinafaa zaidi, kwani kila zamu ina mipira 30 na inajazwa kwa muda mfupi.

Jambo dogo linaloharibu majedwali mengi ni tahajia. Ukiandika “pulu” leo na kesho ukaandika “pulu” yenye nafasi tupu mwishoni, fomula ya COUNTIFS, inayohesabu mistari yenye neno fulani, itayahesabu kuwa mapigo mawili tofauti, ingawa haijali herufi kubwa au ndogo. Dawa yake ni kutengeneza orodha ya kuchagua katika kila safu ya maneno, ili usiandike chochote kwa mkono isipokuwa tarakimu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuseme umekusanya mipira 360, na safu ya pigo iko F, mikimbio iko H, na kutolewa iko I. Mikimbio ya pulu inapatikana kwa fomula =SUMIFS(H:H,F:F,"pulu"), mipira ya pulu kwa =COUNTIFS(F:F,"pulu"), na wiketi zilizopotea kwa =SUMIFS(I:I,F:F,"pulu"). Tuchukulie kwamba majibu yametoka hivi: draivu (pigo la kuusukuma mpira mbele) mipira 120, mikimbio 168, kutolewa mara 4, pulu mipira 60, mikimbio 132, kutolewa mara 6, swipu (pigo la kufagia chini ukiwa umepiga goti) mipira 40, mikimbio 60, kutolewa mara 4, kuzuia mipira 110, mikimbio 22, kutolewa mara 1, na mipira 30 iliyobaki ni mchanganyiko wa mapigo ambayo hayakutumika vya kutosha kuhukumiwa.

Kwa kila pigo, tafuta viwango viwili. Cha kwanza ni mikimbio kwa mipira 100: draivu 140, pulu 220, swipu 150. Cha pili ni mipira inayopita kabla ya kutolewa mara moja: draivu 30, pulu 10, swipu 10. Viwango hivi visomwe pamoja, kwani kimoja peke yake hupotosha. Swipu inaleta mikimbio karibu sawa na draivu, lakini inakutoa mara tatu zaidi kwa idadi ile ile ya mipira. Pulu ina hatari sawa na swipu, ila malipo yake ni makubwa zaidi. Kwa hiyo pigo la kutiliwa shaka kwanza ni swipu, ingawa ukihesabu wiketi tu ungeilaumu pulu.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie wastani wa kawaida wa mpigaji. Wastani hugawanya mikimbio kwa idadi ya kutolewa, na si kwa idadi ya zamu. Don Bradman, mpigaji wa Australia ambaye Big Ant ilitumia jina lake katika michezo yake ya mwanzo ya kriketi kama Don Bradman Cricket 14, alipata mikimbio 6996 katika zamu 80 za mechi za Test, zile ndefu za kimataifa. Kwa kuwa mara 10 alimaliza bila kutolewa, tunagawanya kwa 70 na kupata 99.94. Wastani ni kipimo kizuri katika mechi za siku tano, ambako mipira ni mingi na wiketi ndiyo mali adimu. Katika mechi fupi, mali adimu ni mipira.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wa nyumbani wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Timu ina wiketi 10. Katika mechi ya ova 5 yenye mipira 30, unaweza kupoteza wiketi moja kwa kila mipira 3 na bado ukakaribia kumaliza zamu yako. Katika T20, mechi ya ova 20 yenye mipira 120, kiwango hicho ni mipira 12 kwa wiketi. Katika mechi ya ova 50 ni mipira 30. Linganisha na jedwali letu: pulu inayokutoa kila baada ya mipira 10 haina madhara yoyote katika ova 5, katika T20 ukiipiga kila mpira utaishiwa na wapigaji kabla ya ova kwisha, na katika ova 50 ni pigo la kutumiwa kwa nadra sana. Takwimu zile zile zinatoa ushauri tofauti kwa mechi tofauti. Ndiyo maana hupaswi kuchanganya mechi za aina mbili katika hesabu moja, wala viwango tofauti vya ugumu, wala mechi dhidi ya kompyuta na mechi dhidi ya watu. Mchezo ukipokea sasisho, weka alama kwenye jedwali, kwa kuwa watengenezaji hubadilisha mara kwa mara tabia ya mpira na ya wadakaji.

Hatua inayofuata ni kuligawa pigo kwa urefu wa mpira. Tuichukue pulu, iliyokutoa mara nyingi zaidi. Tuseme kati ya mipira 60, mipira 42 ilikuwa mifupi, ikaleta mikimbio 114 na kukutoa mara 2. Mipira 18 ilikuwa ya urefu wa kawaida, ikaleta mikimbio 18 na kukutoa mara 4. Picha inabadilika kabisa. Pulu kwa mpira mfupi inakupa mikimbio 57 kwa kila wiketi, na pulu kwa mpira wa urefu wa kawaida inakupa mikimbio minne na nusu tu. Aliyekwambia uache pulu alikosea. Unachopaswa kuacha ni kuamua pigo kabla hujauona mpira unatua wapi.

Hata hivyo, mara 4 na mara 2 ni hesabu ndogo. Kama urefu wa mpira usingekuwa na athari yoyote, ungetegemea kutolewa mara 2 hivi katika ile mipira 18, na uwezekano wa kufikia mara 4 au zaidi kwa bahati tupu ni karibu asilimia 6. Hiyo ni dhana yenye nguvu, na upungufu wa mikimbio unaiongezea uzito, lakini bado haijawa hukumu. Kanuni ya haraka ya kujipima ni kuchukua mzizi wa pili wa idadi ya kutolewa: mara 4 ina mzizi wa 2, maana yake mara 2 au mara 6 zisingekuwa jambo la kushangaza. Viwango viwili vikigusana ndani ya upana huo, usivitofautishe. Ongeza mipira kwanza. Na pale usipotolewa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya mipira. Ukiwa umepiga swipu ya kinyume mara 30 bila kutolewa, 3 kwa 30 ni moja kwa kumi, kwa hiyo pigo hilo unaloliona salama bado linaweza kuwa linakutoa mara moja kwa kila mipira 10.

Safu ya muda wa pigo ina hazina yake, na wengi huipuuza. Igawanye kwa aina ya mrushaji. Ukikuta unachelewa kwa warushaji wa kasi na unawahi kwa wa spini, basi unabonyeza kitufe kwa mazoea, kwa mdundo mmoja, bila kufuata mwendo wa mpira. Tiba yake iko kwenye uwanja wa mazoezi wa mchezo, ukibadilisha warushaji kila baada ya mipira michache. Lakini ukikuta unachelewa kwa wote, wa kasi na wa spini, chunguza runinga kabla ya kujilaumu. Runinga nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo huchelewesha picha. Fungua mipangilio yake, washa hali ya mchezo, kisha rekodi upya. Mechi zilizochezwa kabla ya badiliko hilo zisichanganywe na za baada yake.

Kwa upande wa kurusha, kipimo cha msingi ni mikimbio kwa ova. Tarehe 5 Juni 2024, katika Kombe la Dunia la T20, Frank Nsubuga wa Uganda alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani mkimbio mmoja kwa ova. Hesabu hiyo ni rahisi na mchezo wenyewe hukupa. Jambo usilopewa ni athari ya kurudia. Ongeza safu moja inayosema kama urefu wa mpira huu ni sawa na wa mpira uliotangulia, kisha linganisha mikimbio kwa mpira katika makundi hayo mawili. Unapocheza dhidi ya mtu, tofauti ikiwa kubwa ujue amekwisha kukusoma. Mpira wa kwanza wa kila ova uuache nje ya hesabu hiyo, kwani uliotangulia ulirushwa na mrushaji mwingine.

Ukishapata jibu, badilisha jambo moja tu, mathalani “sipigi pulu isipokuwa mpira ni mfupi”, na uamue mapema utarekodi mipira mingapi kabla ya kutazama matokeo. Usihesabu katikati, kwa sababu atakayechungulia kila jioni atasimama siku takwimu zinapompendeza. Kumbuka pia kwamba pigo ulilolichagua kwa kuwa lilikuwa baya kuliko yote huenda lilikuwa na bahati mbaya ndani yake, na litaonekana kupata nafuu hata usipobadilisha kitu. Kwa hiyo usililinganishe na hali yake ya zamani tu. Tazama vilevile draivu na kuzuia, ambazo hukuzigusa, katika kipindi hicho hicho: nazo zikiwa zimeimarika kwa kiasi kile kile, huenda kilichobadilika ni mpinzani au uzoefu wako kwa jumla, na kanuni yako mpya ya pulu bado inasubiri mipira mingine.